Je, Umekisoma?

Nianze kwa kukiri kosa langu, maana si haki kuwakosoa wenzangu kana kwamba mimi nilikuwa upande wa kweli tangu mwanzo.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikiishi Ujerumani, karibu na mto Rhine, nikiwa mzee wa ushirika mdogo wa watu wanaosali kwa Kiswahili. Tulikutana Jumapili mbili kwa mwezi, saa nane mchana, katika ukumbi tulioazimwa na usharika wa wenyeji. Siku moja baada ya ibada alinijia baba mmoja akiwa na kitabu ndani ya mfuko wa plastiki. Alikuwa amekikuta chini ya mto wa mwanawe wa miaka kumi na mitano.

"Mzee, tazama mambo anayosoma mtoto wangu usiku," aliniambia. "Hiki ni kitabu cha wanyonya damu."

Nilikipindua, nikasoma mistari michache ya nyuma ya jalada, nikamrudishia. Nikamwambia: "Kitoe nyumbani kwako leo hii. Kisilale humo." Naye akatii. Alikichana vipande viwili, akakitupa kwenye pipa la karatasi.

Kumbe kitabu kilikuwa cha maktaba ya mji. Ilibidi kilipwe, na kwa aibu nilichangia nusu ya fedha. Lakini hilo halikuwa kubwa. Kubwa lilikuja Jumapili iliyofuata, kijana mwenyewe aliponijia pale mlangoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Samahani, mzee. Kile kitabu, wewe ulikisoma?"

Nilimjibu kwamba mtu hana haja ya kuonja sumu ili ajue kuwa ni sumu. Aliitikia kwa kichwa, kwa adabu, akaenda kuketi kiti cha nyuma kabisa. Baada ya miezi miwili hakuonekana tena. Baba yake alisema ana masomo mengi.

Jibu langu lilionekana la hekima, nami nililifurahia kwa siku tatu hivi. Kisha nikatambua kwamba halina maana. Ni kweli kwamba mimi sihitaji kuonja sumu, lakini ni kwa sababu yupo aliyeipima kabla yangu akaandika neno "sumu" kwenye chupa. Kitabu kile hakuna aliyekuwa amekipima. Si baba, si mimi. Neno "sumu" niliandika mimi, kwa kubahatisha.

Basi nilikwenda maktaba ileile nikaanza kusoma. Ilinichukua majira mawili ya baridi, kamusi ikiwa mkononi. Haya ninayoandika ni matokeo yake. Nayaandika kwa ajili ya wazee, wachungaji, wainjilisti na wazazi ambao bado wanafanya nilivyofanya mimi. Nasema wazi: tunakosea, na kosa letu si dogo.

Mtu huyu na vitabu vyake

Mwandishi wa kitabu kile ni Wolfgang Hohlbein. Alizaliwa mwaka 1953 huko Weimar, katika jimbo la Thuringia. Ni jimbo lilelile lenye ngome ya Wartburg, ambako Martin Luther alijificha na kulitafsiri Agano Jipya katika Kijerumani. Hohlbein aliishi kwa miaka mingi katika mji wa Neuss, kando ya Rhine. Kabla ya kuishi kwa kalamu alifanya kazi za kawaida, ikiwamo ulinzi wa usiku. Mwaka 1982 yeye na mkewe Heike walishinda shindano la uandishi la nyumba ya uchapishaji ya Ueberreuter ya Vienna, kwa hadithi yao iitwayo *Märchenmond*. Tangu hapo hakusimama. Vitabu vyake vimepita 200, na nakala zilizouzwa zimepita milioni 40. Ukiingia katika duka la vitabu la Ujerumani na kuuliza riwaya za mazimwi, majoka, wachawi na wafu wanaotembea, ni vigumu kutoka bila kusikia jina lake.

Kwa hiyo tusijidanganye kwamba tunazungumza juu ya kitu kidogo kilichojificha chini ya mto wa mtoto mmoja. Watoto wetu waliozaliwa au kulelewa huko wanavikuta vitabu hivi shuleni, maktabani na kwa rafiki zao. Hatuwezi kuvichana vyote. Tunaweza tu kuwa watu ambao mtoto anaweza kuzungumza nao habari zake, au kutokuwa watu hao.

"Vitabu hivi vina mapepo"

Hoja ya kwanza ya ndugu zangu ni hii. Wanafungua Kumbukumbu la Torati 18, wanasoma makatazo ya uganga, ulozi na kuwaomba wafu, kisha wanafunga Biblia. Kwao, habari imekwisha.

Haijakwisha. Torati inakataza kuyatenda mambo hayo. Haikatazi kuyasimulia, la sivyo Biblia yenyewe ingekuwa ya kwanza kuhukumiwa. Ni nani aliyetusimulia habari za Sauli kwenda usiku, amejibadilisha mavazi, kwa mwanamke wa Endori aliyepandisha wafu? Ni Biblia, katika 1 Samweli 28, na hakuna riwaya ya kutisha niliyosoma inayoshinda sura ile. Ni nani aliyetuelezea wanyama wanne wakitoka baharini, mmoja akiwa na meno ya chuma? Ni Danieli. Na joka jekundu lenye vichwa saba, linalomngoja mwanamke ajifungue ili limmeze mtoto wake, tumelipata wapi? Ufunuo 12. Mtoto aliyelelewa juu ya Biblia nzima, siyo vipande tulivyomchagulia, hawezi kushangaa akikutana na joka katika hadithi. Atashangaa pale tutakapomwambia kwamba watu wa Mungu hawasomi habari za majoka.

Wengine hunijibu kwa Matendo 19, ambako waumini wa Efeso walichoma vitabu vyao vya uchawi, thamani yake vipande 50,000 vya fedha. Ni kweli. Lakini isomeni tena sura ile polepole. Waliochoma walikuwa ndio wenye vitabu. Walivitumia kutenda uchawi, wakaokoka, wakavileta wenyewe kwa hiari yao. Hakuna mahali ambapo Paulo anaingia katika chumba cha mtu, anainua mto wake na kuondoka na kitabu cha mwenzake. Tukitaka kuwafuata Waefeso, kila mmoja wetu aanze na vilivyo vyake.

Tena kumbukeni tulikuwa nchi gani. Usiku wa tarehe 10 Mei 1933, wanafunzi wa vyuo vikuu walichoma vitabu hadharani mjini Berlin na katika miji mingine ya Ujerumani. Miongoni mwa waandishi ambao vitabu vyao viliingia motoni alikuwamo Erich Kästner, mpenzi wa watoto wa nchi ile, naye mwenyewe alisimama katika umati akitazama. Jirani yangu mzee wa Kijerumani, mcha Mungu, alipopata habari za kile kitabu cha maktaba hakunilaumu. Alinyamaza tu kwa muda mrefu. Sikuelewa wakati ule alikuwa anakumbuka nini.

Iko sheria nyingine ambayo sisi Walutheri tunaifundisha kila mwaka katika darasa la kipaimara: amri ya nane, inayotukataza kumshuhudia jirani uongo. Katekisimu inatueleza kwamba amri hiyo inatudai tumtetee jirani na kuyachukulia mambo yake kwa upande ulio mwema. Mwandishi wa kitabu naye ni jirani. Nikisema, "Mtu huyu anafundisha watoto ushetani," nami sijasoma hata ukurasa mmoja wake, nimetoa ushahidi wa mambo ambayo sikuyaona. Haijalishi kama baadaye itaonekana kwamba nilipatia. Mithali 18:13 inamwita mpumbavu yule anayejibu kabla ya kusikia. Na Nikodemo, katika Yohana 7, aliwauliza wenzake wa baraza kama torati yao humhukumu mtu kabla ya kumsikiliza. Swali la Nikodemo na swali la yule kijana mlangoni ni swali moja.

"Vinalidharau kanisa"

Hoja ya pili ina uzito zaidi. Kitabu kile kilichochanwa kilikuwa cha mfululizo uitwao *Die Chronik der Unsterblichen*, yaani Tarehe ya Wasiokufa, ulioanza kutoka mwaka 1999. Shujaa wake ni Andrej Delãny, mtu wa karne ya 15 ambaye majeraha yake hupona yenyewe wala hafi. Mwanzoni anarudi kijijini alikozaliwa, huko Transilvania, anakuta watu wake wameuawa na wengine wamechukuliwa mateka. Waliofanya hayo si Waturuki wala majambazi. Ni watu wa baraza la kanisa la kuwasaka wazushi, na kiongozi wao ni padre.

Ndugu mmoja aliposikia hivyo alisema, "Unaona? Shetani anataka watoto wetu wawachukie watumishi wa Mungu."

Mimi nasema: kabla ya kumlaumu mwandishi, tujiulize kama alidanganya. Padre wa kitabuni ni wa kubuni, lakini mambo yake hayakubuniwa. Katika miaka ya 1480 mtawa wa Kijerumani, Heinrich Kramer, aliandika kitabu cha kufundisha jinsi ya kuwatambua wachawi, kuwatesa na kuwahukumu. Wanahistoria wengi wanakadiria kwamba kati ya watu 40,000 na 60,000 waliuawa Ulaya kwa tuhuma za uchawi, wengi wao wanawake, na sehemu kubwa katika nchi za Wajerumani. Wala tusinyoshe kidole kwa Wakatoliki peke yao. Maeneo ya Kiprotestanti nayo yaliwasha moto huo.

Na je, sisi tuna ujasiri wa kuyasoma hayo kama habari za mbali? Wangapi kati yetu tumetoka katika sehemu ambako bibi mwenye macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa kuni wa maisha yake yote, alikatwa mapanga kwa kuitwa mchawi? Shinyanga na Mwanza tunazijua. Hakuna aliyemsikiliza bibi yule. Mtu mmoja alinong'ona, mwingine akasadiki, wa tatu akanoa panga. Sisemi kuchana kitabu ni sawa na kumwua mtu, Mungu apishe mbali. Nasema mwenendo wa moyo ni uleule: kuona dalili ya nje, kutaja jina la kutisha, na kuhukumu bila kuuliza. Mtoto anayeona wazee wake wakifanya hivyo kwa kitabu amefundishwa jinsi ya kufanya kwa mtu.

Lilikuwako kanisa jingine katika nyakati zile, na ni wajibu wetu kuwaambia watoto habari zake. Kaiserswerth ni mji wa zamani kando ya Rhine, si mbali na Neuss. Hapo alizaliwa mwaka 1591 Friedrich Spee, padre wa Kijesuiti. Mwaka 1631 alitoa kitabu, bila kuweka jina lake kwa sababu ya hatari, akipinga mateso katika kesi za wachawi. Hoja yake ilikuwa nyepesi na ya kutisha: ukimtesa mtu vya kutosha atakiri chochote, hata angekuwa hakimu mwenyewe. Huyu naye alikuwa mtumishi wa Mungu. Hohlbein anamwonyesha kijana padre muuaji. Sisi, badala ya kumwonyesha Spee, tulimchania kitabu. Nani kati yetu amelidharau kanisa?

Lililo kweli

Nilipokwisha kuusoma mfululizo ule kwa sehemu, nilirudi kwenye kitabu cha kwanza kilichomtoa Hohlbein, *Märchenmond*. Kim ni mvulana wa kawaida ambaye dada yake mdogo, Rebekka, amefanyiwa upasuaji wa kidole tumbo na hakuamka. Amelala hospitalini, hajafa wala hayuko hai. Usiku anatokewa na mzee mchawi ambaye anamwambia kwamba roho ya dada yake imefungwa na mtawala mwovu katika nchi nyingine, na yeye Kim ndiye anayeweza kwenda kumtafuta. Anakwenda. Anakutana na jitu, dubu, joka la dhahabu. Vita vinakuja, na jeshi la giza linaongozwa na Bwana Mweusi aliyefunika uso. Mwisho wa mambo, uso ule unapofunuliwa, ni uso wa Kim mwenyewe.

Nilikiweka chini kitabu nikakaa kimya. Nimehubiri juu ya Warumi 7 mara nyingi, pale Paulo anaposema kwamba lile baya asilolitaka ndilo analolitenda. Sijawahi kumfanya mtoto wa miaka kumi na miwili aielewe sura ile kama hadithi hii inavyoweza kumwelewesha. Adui uliyemtafuta katika nchi ya mbali unamkuta chini ya kofia yako mwenyewe. Mwandishi hakutaja jina la Mungu hapo, wala sidai kwamba alikusudia kuhubiri. Lakini ukweli ukiokotwa barabarani bado ni ukweli, na mchungaji mwenye akili atauokota.

Nami nilikuwa na sababu ya kunyamaza. Mwenye kosa niliyekuwa nikimsaka kwa miezi ile, kuanzia kwa mwandishi, mwenye maktaba, shule za Ulaya mpaka mtoto mkaidi, alikuwa na uso wangu.

Ninayoyapinga

Sasa asije mtu akasema nimegeuka kuwa mpiga debe wa vitabu vya kutisha. Nimevisoma, kwa hiyo sasa nina haki ya kuvipinga, na ninavipinga katika mambo matatu.

La kwanza ni ulimwengu usio na mwenyewe. Kabla hajapata umaarufu mkubwa, Hohlbein aliandika vijitabu vya bei nafuu vya kuuzwa kwenye vibanda vya magazeti, na kutoka humo ukatokea mfululizo wa *Der Hexer*, yaani Mchawi. Ndani yake Robert Craven, mtoto wa mchawi, anapambana na viumbe wa kale kuliko wanadamu, viumbe ambao Hohlbein aliwaazima kwa Mmarekani H. P. Lovecraft. Kinachotisha humo si meno wala mikia. Ni wazo kwamba nyuma ya nyota wako wakubwa wasiotujali, na kwamba wema wetu ni mshumaa ambao kuna mtu atauzima wakati wowote. Hapo Mkristo ni lazima aseme hapana. Wakolosai 1 inatuambia vyote viliumbwa kwa Kristo, vinavyoonekana na visivyoonekana, na katika yeye vinashikamana. Joka la Ufunuo ni kubwa na lina hasira, lakini sura ileile inaeleza kwa nini lina hasira: linajua muda wake ni mchache. Uovu si pacha wa Mungu aliyezaliwa siku moja naye. Mtoto asiposikia hilo kwetu, hatalisikia kwa Robert Craven.

La pili ni kumwelewa mwovu mpaka kumsahau aliyeumizwa. Mwaka 1986 Hohlbein alitoa *Hagen von Tronje*. Ni masimulizi mapya ya utenzi wa kale wa Wanibelungi, ulioandikwa yapata mwaka 1200, ambamo Hagen anamwua Siegfried kwa mkuki wa mgongoni. Hohlbein anatuingiza katika moyo wa Hagen: uaminifu wake kwa mfalme, mapenzi yake ya siri kwa Kriemhild, upweke wake. Ni kitabu kizuri, pengine bora kuliko vyote vyake nilivyosoma. Na ndiyo maana ni cha hatari. Unapofika mwisho unamwonea Hagen huruma kiasi kwamba mkuki wa mgongoni unaonekana kama ajali. Sisi tunajua kwamba kueleza dhambi si kusamehe dhambi. Nathani alijua sana jinsi Daudi alivyofika alipofika, na bado alimwambia kwamba mtu huyo ni yeye. Rehema ya Mungu haianzi kwa kusema kosa halikuwapo.

La tatu ndilo kubwa, nalo linahusu kile kitabu tulichokichana. Wasiokufa wa Hohlbein wanaishi kwa kunyonya uhai wa wengine. Kadiri wanavyochukua ndivyo wanavyozidi kuwa na nguvu. Wazee wetu wa pwani walikuwa na hofu ya mumiani, mtu anayevizia usiku kuchukua damu ya watu, kwa hiyo hatuhitaji kufundishwa na Mjerumani habari hizo. Lakini angalieni mfululizo ule unavyokwenda. Kitabu baada ya kitabu, karne baada ya karne, Andrej hafi, na kwa sababu hafi, hakuna kinachokwisha wala kinachopona. Anaowapenda wanazeeka na kumwacha. Nimesoma juzuu kadhaa, na kila mara mwisho ulikuja kwa ghafla, kama mtu aliyekatwa sauti, ili juzuu nyingine ianze. Mwanzoni nililaumu haraka ya mtu anayeandika vitabu 200. Sasa naona sababu nyingine. Kutokufa si sawa na uzima wa milele. Uzima wa milele, kwa maneno ya Bwana katika Yohana 17, ni kumjua Mungu. Kutokufa ni kuongezewa tu siku zilezile, kwa gharama ya damu ya mwingine.

Na sisi kila mwezi tunakwenda madhabahuni kupokea damu. Hapo ndipo palipokuwa mahali pa kumketisha yule kijana. Ningeweza kumwambia: mwanangu, katika kitabu chako mwenye nguvu huchukua damu ya mnyonge ili yeye aishi. Katika meza hii Mwenye nguvu zote alitoa damu yake ili mnyonge aishi. Hakunyang'anywa uhai wake, aliutoa mwenyewe. Sasa niambie, wewe unadhani ni yupi kati ya hao wawili asiyekufa kweli? Mazungumzo hayo yangeweza kuchukua jioni nzima, na angeyakumbuka maisha yake yote. Nilikuwa na nafasi hiyo mkononi, ndani ya mfuko wa plastiki, nikaamuru itupwe.

"Lakini ni watoto"

Iko hoja ya mwisho, nami naiheshimu. Mama mmoja aliniambia, "Mzee, wewe ni mtu mzima. Mtoto wangu ana miaka tisa na halali akisoma mambo hayo." Mama huyo yuko sawa kabisa. Hadithi ya mvulana na dada yake ni ya watoto. Hadithi ya Andrej, yenye mauaji na mateso kila sura, si ya miaka tisa, wala ya kumi na miwili. Mzazi ana haki na wajibu wa kusema, "Hiki bado." Lakini mwenye kusema hivyo kwa haki ni yule anayejua hiki ni kipi na kile ni kipi. Kukataza kwa kujua ni malezi. Kukataza kwa kutojua ni hofu, na watoto wanaitambua hofu yetu mapema kuliko tunavyodhani. Wahenga walisema usilolijua ni usiku wa giza. Hawakusema ukae humo gizani ukimlinda mwanao asiwashe taa.

Nawasihi basi wazee wenzangu. Mkikuta kitabu chini ya mto, msikichane. Ketini mkisome. Kama Kijerumani chenu ni kidogo, mwambieni mtoto awasomee na kuwaeleza, naye atafurahi kuwa mwalimu wa baba yake kwa mara moja. Mwulizeni anapenda nini humo. Kisha, mkiisha kusikia, pingeni kwa nguvu zenu zote.

Mimi swali hilo niliuliza nikiwa nimechelewa sana. Nilikutana na yule kijana miaka minne baadaye, kituo cha treni, akiwa mrefu kunizidi. Alinishika mkono, akaniamkia kama zamani. Nikamwambia, "Sasa nimekisoma." Alitabasamu. Nikamwuliza kwa nini alikipenda kiasi kile.

Alifikiri kidogo, kisha akasema: "Kuna Abu Dun."

Nilimjua. Abu Dun ni Mnubi, jitu jeusi, mwenzake Andrej. Anaingia katika hadithi akiwa haramia na mwuza watumwa, na mengi yanaweza kusemwa juu ya hilo, tena nilikuwa nayo tayari kinywani. Lakini kijana aliendelea.

"Mzee, darasani kwetu nilikuwa peke yangu. Unakumbuka walivyokuwa wananiita. Mle ndani kulikuwa na mtu mweusi ambaye hakuna aliyeweza kumwua."

Treni yake ilifika. Hatukuwahi kuzungumza zaidi ya hapo, na sijui kama anasali mahali popote. Sikuwa nimejua kabisa kwamba darasani walikuwa wanamwita majina. Kwa miaka miwili alikuwa akikaa mbele yangu kila Jumapili ya ibada yetu, nami nilikuwa mzee wake, na jambo hilo alikwenda kulitafutia faraja kwa mnyonya damu wa kubuni.

Siku ile atakaponiuliza Bwana habari za kondoo huyo, sitaweza kumwambia kwamba aliibwa na Wolfgang Hohlbein.